Jani la Urambo na Mkono wa Sheria

Je, kuvuta sigara kufanywe kosa la jinai, kama ilivyo kuvuta bangi? Swali hili nimelisikia kwa watu wa aina mbili, ambao katika mambo mengine hawapatani sana: mtu wa dini anayeamini kwamba mwili ni amana, na daktari aliyechoka kusikiliza vifua vya watu. Wote wawili nawaheshimu. Lakini naomba tulitazame polepole, maana jibu linalokuja haraka mno mara nyingi hupita juu ya mtu fulani bila kumwona.

Niseme kwanza nimesimama wapi. Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku, huko Urambo, mkoani Tabora. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliifyeka nchi ile kwa ajili ya ule mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947, ukafa kabla haujatimiza miaka mitano. Karanga zilipokataa ililetwa tumbaku katika miaka ya 1950, nayo ikakubali. Ada yangu ya shule, viatu vyangu vya kwanza na mabati ya nyumba ya mama vilitoka katika jani hilo. Tulisia mbegu kwenye vitalu, tukahamishia miche shambani, tukachuma majani kuanzia ya chini, tukayafunga kwenye fito na kuyapandisha ndani ya bani, kisha tukachochea moto usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Kuni tulizifuata porini, na kila mwaka pori lilikuwa limesogea mbali zaidi. Siku za kuchuma majani yakiwa na umande, sisi watoto tulipata kizunguzungu na kutapika, na wakubwa wakasema ni jua. Leo inajulikana kwamba ni nikotini yenyewe, ipitayo kwenye ngozi ya mchumaji. Basi niliionja sumu hiyo kabla sijajua kushika kiberiti, ingawa sijapata kuvuta sigara hata moja maishani mwangu.

Kaka yangu mkubwa alivuta. Alikuwa dereva wa malori, na alianza akiwa utingo wa miaka kumi na minne, kwa sababu sigara ilimfukuzia usingizi na njaa kwa pamoja. Alivuta hadi mapafu yakakataa kazi.

Sasa twende kwenye hoja. Wasemao sigara iachwe huru hupenda kusimama nyuma ya Mwingereza mmoja, John Stuart Mill, aliyeandika mwaka 1859 kitabu chake mashuhuri juu ya uhuru. Alisema, kwa ufupi, kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya manufaa yake mwenyewe. Inayo haki hiyo pale tu anapowadhuru wengine. Ni neno zito, na mtu aliyewahi kukaa chini ya serikali inayojua kila kitu kwa niaba yake hatalidharau. Ila Mill huyohuyo alisema pia kwamba mtu hawezi kujiuza utumwani kisha akadai kuwa ametumia uhuru wake, kwani kwa tendo hilo uhuru wenyewe umekwisha. Mimi nauliza: utingo wa miaka kumi na minne anapowasha sigara ya kwanza, je, anautumia uhuru wake au anauuza? Wavutaji wengi duniani walianza wakiwa hawajafikia utu uzima. Kaka yangu alijaribu kuacha mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Mtu anayetaka kuacha jambo asiweze, ni vigumu kusema kwamba analifanya kwa hiari.

Tena huku kwetu hoja ya kwamba kila mtu na mwili wake ina upungufu mwingine, na wahenga waliuona zamani: mchuma janga hula na wa kwao. Mvutaji akiugua, ukoo mzima unauza mbuzi. Akifa, wanaobaki na watoto ni shangazi na mjomba. Acha hata habari ya moshi wenyewe. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vinavyotokana na tumbaku kuwa zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao ni watu ambao hawakuvuta, ila walikaa karibu na wavutaji. Kwa hiyo sikubali kwamba sigara ni jambo la mtu na nafsi yake tu.

Aliyenifuata hadi hapa atadhani sasa nitasema: basi ipigwe marufuku, mvutaji akamatwe. Hapana.

Wiki za mwisho za kaka yangu zilikuwa wodini. Jioni moja, akiwa hana pumzi ya kumaliza sentensi, aliniomba nikamtafutie sigara moja. Daktari alikwisha kumkataza, na alikwisha kutuambia sisi ndugu, pembeni, kwamba hakuna dawa iliyobaki. Nilikwenda nikanunua. Tulimsogeza kwenye kiti nje, chini ya mwarobaini, akavuta mikupuo miwili, akacheka, akaizima. Nimeifikiria sana jioni ile ninapowaza juu ya sheria. Kama kuvuta kungekuwa jinai, mtuhumiwa wa kwanza angekuwa yeye na wa pili mimi. Kampuni zilizomuuzia kwa miaka thelathini zisingekuwapo kizimbani, kwa kuwa zilifanya biashara halali. Wala hazina ya serikali iliyopokea ushuru wa kila pakiti isingekuwapo. Sheria ya namna hiyo ingetushika sisi wawili kwa sababu tu tulikuwa karibu.

Wala si mambo ya kubuni. Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uturuki alikataza tumbaku mwaka 1633 na kuwaua wavutaji. Tumbaku haikufa, na baadaye dola hiyohiyo ikaona ni heri kuitoza kodi. Bhutan, nchi ndogo ya milima ya Himalaya, ilipiga marufuku uuzaji wa tumbaku mwaka 2004, na mwaka 2011 mtawa kijana wa Kibudha alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kukutwa na tumbaku ya kutafuna aliyoinunua India. Mwaka 2021 marufuku ile ya kuuza ikaondolewa, magendo ya mpakani yakiwa yameleta hofu ya kuingiza korona. Afrika ya Kusini nayo ilizuia uuzaji wa sigara tangu mwishoni mwa Machi hadi Agosti 2020. Bei ya mlango wa nyuma iliruka, wavutaji wengi wakaendelea kununua, na walionufaika ni wale waliozoea kuuza bila kodi. Sisi wenyewe hatuhitaji kwenda mbali. Gongo ni haramu kisheria, na hakuna kijiji nilichoishi ambacho sikujua inapikwa nyumba gani. Mgambo nao walijua, na walijua pia siku ya kwenda kuchukua chao.

Kuna njia iliyo ya akili zaidi: kumwacha mvutaji wa leo na kuufunga mlango kwa wale ambao hawajaingia. New Zealand ilitunga sheria mwaka 2022 kwamba aliyezaliwa kuanzia Januari 2009 asiuziwe sigara maisha yake yote, kisha serikali mpya ikaifuta mwaka 2024 kabla haijafanya kazi. Visiwa vya Maldives vimeanza mpango wa namna hiyo tangu Novemba 2025, kwa waliozaliwa kuanzia mwaka 2007. Mpango huo unanivutia, kwa sababu haumgusi mtu aliye wodini. Unanitia shaka kwa jambo moja tu: ipo siku mtu wa miaka hamsini atazuiwa kununua kile anachonunua mwenzake wa hamsini na moja, na sijui muuza duka gani wa Manzese atasimama kuhakiki hayo.

Na mkulima je? Tumbaku ni miongoni mwa mazao makuu tunayouza nje. Pembejeo hukopeshwa kupitia chama cha msingi, deni hukatwa siku ya soko, na kinachobaki ndicho kinachosomesha. Tukikataza uvutaji hapa na kuendelea kuuza jani ng'ambo, tutakuwa kama mtu anayemkataza mwanawe kunywa pombe huku akimpikia wa jirani. Tukikataza na kulima pia, binamu zangu watauliza walime nini, nao wana haki ya kujibiwa kabla bani halijabomolewa. Alizeti na mahindi wanavijua. Wasichokijua ni nani atakuja na mizani na fedha mkononi. Anayetaka marufuku bila kuwa na jibu la swali hilo anataka wema wake ulipiwe na mtu mwingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kuvuta kusiwe kosa. Kuuza ndiko kubanwe, tena kubanwe pale panapouma. Tarehe 1 Machi 2017 serikali yetu ilikataza pombe ya viroba. Haikumkataza mtu kunywa pombe. Ilikataza ule ujazo mdogo wa bei ya chini ambao mwanafunzi aliweza kuuficha mfukoni. Sigara nayo ina kiroba chake: ile ya kuuzwa moja moja. Kenya ilikwisha kuikataza katika sheria yake ya mwaka 2007, ingawa vibandani bado inapatikana. Sisi tunayo sheria ya mwaka 2003 inayokataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Pakiti nzima ni ghali kwa mtoto. Sigara moja ni bei ya pipi.

Karibu na ninapoishi sasa kuna kibanda kinachotazama lango la shule ya msingi. Pakiti iliyofunguliwa imekaa kati ya pipi na kalamu, na kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi mlangoni ili mnunuzi awashe palepale. Nilimuuliza mwenye kibanda, mama mmoja mstaarabu, kama huwauzia watoto. Akasema, "Mwalimu, hapana, siwauzii. Ila mtoto akija akisema katumwa na baba yake, nitamrudishaje mikono mitupu?" Nikamuuliza ni wangapi kwa siku husema wametumwa. Akatazama lango la shule, kisha akaanza kupanga kalamu zake upya.