Mtoto Asinziaye Darasani

Mtoto asinziapo darasani, sisi wakubwa huwa wepesi wa kuhukumu: ni mvivu. Mwalimu humchapa, baba humkaripia, wenzake humcheka. Ni wachache waulizao: mtoto huyu jana usiku alilala wapi, na katika hali gani?

Swali hili twawaletea kutoka Busawe na nchi iliyo jirani, katika wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara. Lakini lawahusu wazazi wote. Huko, katika mwezi wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa, baadhi ya koo huwakeketa wasichana wao, ingawa sheria ya mwaka 1998 yakataza kumtenda hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Wako wasichana watorokao, wakapokewa katika nyumba za kimbilio za Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti. Msichana aliyewasikia jamaa zake wakiipanga siku yake, je, ataweza kufumba macho? Na hata akiisha kufika mahali pa salama, pengine mwili wake bado wakesha: mlango ukilia tu, amekwisha kuketi kitandani.

Wala si ukeketaji peke yake. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi, au kutishwa kwa silaha, kabla ya kutimiza miaka 18. Madaktari nao wameona kwamba waliolelewa katika vipigo, ulevi na ugomvi hukosa usingizi kuliko wenzao, hata miaka mingi baada ya shida yenyewe kupita. Maana mwili uliozoea hatari hukawia kuamini kwamba hatari imekwisha. Na kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku; asipozipata, kumbukumbu hufifia, hasira huwa karibu, na huzuni humlemea.

Basi mtoto huyo aliumizwa kwanza na watu. Usiku ukamwumiza mara ya pili. Nasi asubuhi tukimchapa kwa kusinzia, twamwumiza mara ya tatu.

Watu watasema: “Sisi nasi tulipigwa, na tumekua.” Ndiyo, tumekua. Lakini wangapi kati yetu hushtuka usingizini hata leo, wala hatusemi?

Tumkumbuke nabii Eliya, aliyekimbia jangwani akiogopa kuuawa, akajilaza chini ya mti akitamani kufa. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika amwamshe ale na anywe, kisha akamwacha alale tena. Ndipo baadaye alipompa kazi. Tena Yosefu Mtakatifu aliamka usiku, akamchukua Mtoto Yezu na Mama yake mpaka Misri. Ndiyo kazi ya baba: yeye akeshe ili mtoto alale. Kwetu mara nyingi imegeuka: baba analala hali amelewa, na mtoto ndiye akeshaye akisikiliza.

Basi, enyi wazazi, ugomvi wenu usiingie usiku. Mtoto asipelekwe kulala akiwa na vitisho masikioni. Apelekwe na sala ya jioni na neno la upole. Nanyi walimu, kabla ya kushika fimbo, mwiteni mtoto kando, mwulizeni juu ya usiku wake, na mngoje jibu kwa saburi. Nanyi jirani, msichana akibisha mlangoni penu gizani, mfungulieni; msimrudishe kwa wale anaowakimbia.

Siku ya hukumu tutaulizwa kama tuliwalisha wenye njaa na kuwapokea wageni. Na tujiulize leo kama chini ya paa letu mtoto aweza kulala bila hofu. Bikira Maria, uliyekimbia usiku pamoja na Mwanao, uwaombee watoto wetu.