Mithili ya Nani?

Katika darasa yetu ya fiqhi ndugu mmoja ameuliza: kijana wa Kiirua, huko Meru, akiandika programu za kompyuta kwa ajili ya tajiri aliyeko Marekani, naye akapewa sehemu ndogo tu ya ujira apewao Mmarekani kwa kazi ile ile, je, amedhulumiwa, na hali ameridhia mwenyewe?

Wako wasemao kuwa hakuna dhulma: ridhaa ndiyo nguzo ya mkataba, na kula na kulala Kiirua si ghali kama San Francisco. Maneno haya yana ukweli, wala si insafu kuyatupa. Mafakihi nao, ujira usipotajwa, hurejea kwenye ujira wa mithili, yaani apatao mtu mfano wake, na desturi ya mahali hutazamwa. Lakini mahali gani? Kazi ya kijana huyu haiuzwi Kiirua. Yauzwa Marekani, kwa bei ya Marekani. Ni yeye tu aliyepimwa kwa shida ya kwao.

Mnamo Januari 2023 gazeti la Time lilieleza habari za wafanyi kazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma machafu ya kila namna ili akili bandia ya OpenAI ifundishwe kuyatambua. Mkataba ulimtajia wakala dola 12.50 kwa saa; mfanyi kazi alipokea baina ya dola 1.32 na 2. Wakala ana gharama zake, tusimdhulumu naye. Lakini mwenye kutia sahihi asijue kazi yake yauzwaje, ridhaa yake ni pungufu. Na mwenye kujua, akakubali kwa kuwa hana jingine, wanavyuoni wameikirihi biashara ya kumlalia aliyedharurika.

Watu wa Meru waliijua dhulma ya kipimo kabla ya kompyuta. Mlanguzi wa viazi huja shambani na gunia, akalishonea kilemba juu, akalijaza hata likapindukia kilo 100, kisha akalipa bei ya gunia moja. Serikali ya Kenya kwa kanuni za 2019 iliagiza gunia lisizidi kilo 50. Hao ndio Mwenyezi Mungu aliowaonya katika Suratul Mutaffifin, wajipimiao kamili na kuwapunguzia wenzao. Baba apunjwa kwa gunia, mwana kwa saa.

Twaona, basi, kuwa ujira kutofautiana kwa miji si haramu peke yake. Dhulma ni kuficha bei, na kuifanya shida ya mtu kuwa ndiyo mizani.

Wala tusiwatazame Wamarekani tu. Huyu mtumishi tuliyemleta kutoka bara, apikaye, afuaye na kulea watoto wetu, tulimkadiria mshahara kwa kazi yake, au kwa kuwa twajua hana pa kwenda? Jumamosi, in shaa Allah, tutausoma mlango wa ijara katika Minhaj. Mwenye mtumishi na aje na hesabu yake.