Harimu ya Mto na Haki ya Mwenye Shamba

Katika darsa yetu limezuka suali ambalo hatukuona vyema kulipita: je, serikali yaweza kumwambia mtu, "Shamba hili ni lako, lakini kipande hiki usikilime"? Baadhi ya wenzetu walijibu upesi kuwa hiyo ni dhuluma. Sisi twaona jambo hili lataka kutazamwa zaidi, na tumechagua mfano ulio mbali na bahari ili mapenzi ya nafsi yasituzibe macho.

Keumbu iko katika nchi ya Abagusii, kwenye njia itokayo Kisii kwenda Keroka. Huko ardhi hurithiwa na kugawanywa, kisha ikagawanywa tena, hata mashamba mengi yamekuwa vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Pale chini ndipo penye unyevu, na ndipo wengi walipopanda mikaratusi, mti ukuao upesi na kuuzwa kwa nguzo na kuni. Mti huo hunywa maji mengi. Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikataza kulima kando ya mto, kwa mpaka usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Na mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, akaamuru mikaratusi ing'olewe penye vyanzo vya maji.

Mwenye shamba husema: hati ninayo. Ni kweli, wala hatumdharau. Lakini mafakihi wetu walikwisha sema zamani kuwa mto una harimu yake, na hapajengwi hapo, hata ukiwa ni msikiti. Maji yakikauka juu, aliye chini hana hati ya kumfaa. Basi katazo lenyewe si dhuluma.

Dhuluma huingia kwa mlango mwingine. Kipande chenye urefu wa mita 150 kikitolewa mita 30, mwenyewe amepoteza khumsi ya shamba, tena ile iliyo bora. Kwa tajiri mwenye mashamba matatu hiyo ni hasara. Kwa mjane ni chakula cha kiangazi. Sayyidna Umar (r.a.) alipoweka hima ya malisho, alimwagiza msimamizi wake awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na ayazuie makundi ya Ibn Auf na Ibn Affan, kwani hao mifugo yao ikifa wana mitende na makonde ya kurejea. Tazameni: hima ilikuwa moja, na mkono wake haukuwa sawa kwa wote, na huo ndio uliokuwa uadilifu wake. Anayepima mita kwa kamba peke yake, asitazame nani ameshika ncha ya pili, amefanya nusu ya kazi.

Na sisi wa pwani tusijione watazamaji. Mwaka 2018 ukataji wa miti ulipopigwa marufuku Kenya, wakata mikoko wa Lamu walikaa bila riziki, ilhali mikoko ni mazalio ya samaki na ngao ya ufuo, na kuihifadhi ni haki. Wakati huohuo kuna kuta za majumba zilizoteremka hata maji kujaa yakazipiga, na njia za wavuvi zikazibwa. Mkata boriti aliulizwa kibali chake. Mwenye ukuta naye aliulizwa nini, na nani katika sisi aliyekwenda kuuliza?