Pikapu Iliyokufa

Wanunuzi wa magitaa ya zamani wana neno wanalolipenda kuliko muziki wenyewe: orijino. Rangi orijino, skrubu orijino, hadi kibeti cha kubebea. Kwa miezi miwili sasa nimekuwa nikilitafsiri neno hilo kwa Kijaluo, maana mimi ndiye ninayepeleka meseji kati ya mnunuzi mmoja wa ng'ambo na nera, yaani mjomba wangu, mpiga besi huko Homa Bay. Dili ikiiva, asilimia 10 ni yangu. Nasema mapema ujue na mimi nakula hapo.

Besi yenyewe ni Höfner 500/1, ile yenye umbo la fidla ambayo Wajerumani walianza kuitengeneza katikati ya miaka ya 1950. Ushaiona hata kama hujui jina: ndiyo aliyokuwa akipiga Paul McCartney wa Beatles. Ya kwanza aliinunua Hamburg mwaka 1961, ikaibwa London 1972, na ilipotangazwa 2024 kwamba imerudi kwake, magazeti ya dunia yakashangilia. Ya nera haijawahi kuibwa. Imepiga kazi tu.

Besi nyingi unazoziona leo ni wajukuu wa Fender Precision ya 1951: ubao mzito usio na uwazi ndani, uzi wa inchi 34, sauti inayokaa. Höfner ni kinyume. Ndani ni tupu, uzi ni inchi 30, nyepesi kiasi kwamba unaweza kuivaa usiku kucha bila bega kulalamika. Ukigusa uzi, sauti inatoka nono kisha inaondoka. Wapiga roki wengine huona huo ni upungufu. Kwa benga, wacha tu.

Benga ilizaliwa vidole vilivyozoea nyatiti vilipohamia kwenye gitaa. Nyatiti ina nyuzi nane juu ya sanduku lililowambwa ngozi, na kila sauti yake ni fupi. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Migori, aliibeba hiyo kasi kwenye gitaa la umeme. Phares Oluoch Kanindo akazisambaza santuri za benga hadi Zimbabwe, ambako jina la lebo yake, Sungura, likawa jina la mtindo mzima wa muziki. Na katika benga besi haikai nyuma kama mlinzi wa geti. Waimbaji wakinyamaza magitaa yakashika, besi inakimbia, inajibizana na solo. Kila noti inabidi iondoke mapema ili inayofuata ipate kiti.

Sasa, besi ya nera ilikufa pikapu ya mbele, ile ya karibu na shingo inayobeba sauti nzito. Ni zamani. Fundi wa redio pale Migori mjini akaifungua, akaweka nyingine aliyoitoa kwenye mzoga wa gitaa lisilo na jina. Vifundo vya sauti ni vya redio. Mgongoni kuna ufa uliozibwa kwa gundi ya seremala. Niliyaandika yote haya kwa mnunuzi, moja baada ya jingine, kwa sababu kuuza kitu kwa neno moja huku unajua maana yake kwa yule mwingine ni nyingine, huo ni uwongo hata kama hakuna sentensi ya uwongo ndani.

Akajibu: fundi bado anayo ile pikapu ya zamani?

Anayo. Iko kwenye mkebe wa Kimbo.

Basi irudishwe, akasema, hata kama imekufa. Na bei ikapanda kiasi cha kunifanya nipige hesabu ya asilimia 10 upya.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo nilibaki na maswali ya falsafa bila mitihani yake. Plutarch alisimulia meli ya Theseus, ambayo Waathene waliibadilisha mbao moja moja mpaka wenye hoja wakaanza kubishana kama ni meli ileile. Hobbes akaongeza: je, mtu akiziokota mbao kuukuu na kuunda nazo meli, ipi ndiyo? Hobbes hakufika Migori, lakini mkebe wa Kimbo angeuelewa. Shida yangu ni kwamba meli yao ilikuwa imeshatia nanga, ipo ya kutazamwa. Wavuvi wa Mbita hubadilisha mbao na usiku wakaingia ziwani kutafuta omena, na sijasikia yeyote akiuliza mtumbwi ni upi. Ni ule unaorudi asubuhi. Kwa kipimo hicho, ukirudisha pikapu iliyokufa unapata besi ya zamani zaidi, yenye sauti nyembamba ya pikapu ya nyuma peke yake, ambayo hakuna aliyewahi kuicheza matangani.

Lakini siwezi kumdharau mnunuzi. Vitu vingi vya benga vimepotea kwa sababu hakuna aliyeviweka. Ningeonyeshwa besi ya miaka ya 70 nyuma ya kioo, hata bubu, ningesimama hapo muda mrefu. Na kuna jambo linanikera zaidi: mimi ninayetamani nera asiuze, ili nikienda Homa Bay nikute sauti ninayoipenda pale nilipoiacha, nina tofauti gani na mnunuzi? Yeye angalau analipa.

Nera mwenyewe anataka kuuza. Anataka besi mpya ya ubao mzito na amplifaya yake, aache kukodi ya watu kila wikendi. Nilimuuliza kama haogopi kuipoteza ile sauti. Akaangalia vidole vyake, akaniangalia mimi, hakujibu. Alichouliza ni kingine.

"Okewa, pikapu iliyokufa inamfaa nini huyo mtu?"

"Ni orijino, nera."

"Na ya sasa?"

"Ya sasa anasema unaweza kubaki nayo."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akasema fundi asiguse kitu kwanza. Jumamosi ana matanga Rongo. Mnunuzi asubiri mpaka Jumatatu.