SIKU YA HARUSI NA GHARAMA ZAKE

 

Wengi katika nyinyi wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu mna jamaa zenu waliohamia upande wa Ziwa, Migori na Homa Bay na Kendu Bay, wengine kwa biashara na wengine kwa kusomesha. Imetufikia barua kutoka huko Migori, ya kijana aliyeposa akakubaliwa, na mahari yakapatanwa, kisha harusi yake ikaakhirishwa mara mbili. Haikuakhirishwa kwa maradhi wala kwa msiba, bali ni kwa kuwa pesa za harusi ya Jumamosi hazijatimia. Kijana ameomba afungishwe nikahi siku ya Jumanne baada ya Alasiri, msikitini, na walima uwe jioni hiyo hiyo. Ami yake bibi harusi amekataa, na hoja zake ni tatu: kwamba siku za kati ya juma hazina baraka, kwamba wageni hawatakuja, na kwamba watu watasema harusi hii ina jambo linalofichwa.

Kabla hatujazijibu hoja hizi, twauliza: hiyo Jumamosi tumeipata wapi? Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi nguzo za nikahi ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuoza na kukubali. Siku haimo. Wako wanavyuoni waliopenda nikahi ifungwe msikitini na siku ya Ijumaa, na hilo ni jema kwa anayeliweza, lakini hapana hata mmoja aliyeitaja Jumamosi. Wazee wetu wa pwani walikuwa na fungate, siku saba za maarusi kukaa ndani na kuhudumiwa, na mwenye kusherehekea siku saba hana haja ya kuchagua moja. Jumamosi tumeiazima kwenye kalenda ya ofisi, kwa kuwa ndiyo siku ambayo karani hufungiwa afisi yake. Tumekaa nayo hata tumeidhani ni sunna.

Na huko Migori na Homa Bay kuazima huku kuna bei yake. Jirani zetu wasiokuwa Waislamu wa upande ule aghalabu huzika mwisho wa juma, kwa kungojea jamaa watoke Nairobi na Kisumu, na hema na viti vya matanga ni vile vile vya harusi. Waadventista nao, ambao misheni yao ya Gendia karibu na Kendu Bay ni ya tangu mwaka 1906, hawafanyi shughuli Jumamosi kwa kuwa ndiyo Sabato yao, basi harusi zao huzipeleka Jumapili. Kwa hivyo Muislamu mwenye harusi yake huingia katika mnada pamoja na wafiwa na maarusi wa watu wengine, akagombania hema moja na gari moja na mpishi mmoja, kwa siku ambayo dini yake haikumwambia chochote juu yake.

Tuchukue mfano wa hesabu, nao ni mfano tu. Hema na viti na vipaza sauti vikikodiwa kwa shilingi 30,000 Jumamosi, na mwenye navyo akaridhika na 20,000 Jumanne kwa kuwa siku hiyo vimelala ghalani, zimebaki 10,000. Lakini hilo ndilo dogo. Kubwa ni chakula. Harusi ya Jumamosi wageni huanza kuingia asubuhi, wakanyweshwa chai kwa mahamri, adhuhuri wakapakuliwa biriani, na jioni wakatazamiwa tena. Na waliotoka Mombasa hulala usiku huo na wa pili. Nikahi ya Jumanne baada ya Alasiri ina chakula kimoja. Na jua la Migori huchelewa kutua kuliko la Mombasa kwa muda wa dakika 20 hivi, basi hata mwenye kutoka kazini saa kumi na moja atawahi kula na kuomba dua kabla ya adhana ya Magharibi.

Wala asidhani mtu kuwa kuhamisha siku peke yake ndiyo dawa. Akialika watu wale wale mia tano, kisha kilichobaki kwenye hema akakitia katika kiti cha dhahabu cha kukaliwa na bibi harusi nusu saa, hakufanya kitu. Amehamisha israfu kutoka Jumamosi kuipeleka Jumanne.

Sasa turudi kwa ami. Kusema kwamba siku fulani haina baraka ni maneno ya ramli. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakiuogopa mwezi wa Shawwal kwa ndoa, nao ndio Mfungo Mosi wetu. Bibi Aisha (R.A.) akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alimuoa katika Shawwal na akaingia kwake katika Shawwal, na akauliza ni nani katika wakeze aliyekuwa na bahati zaidi kwake kuliko yeye. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim. Mtume pia alikanusha ndege mbaya na alikanusha mkosi wa Safar, na bado twaona Mfungo Tano ukifika watu wazima wenye kusoma Kurani wanaikimbia Jumatano yake ya mwisho kama waikimbiao ndui. Siku zote ni za Mwenyezi Mungu. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad tumefahamishwa kuwa nikahi yenye baraka kubwa ni ile iliyo nyepesi gharama zake. Wanavyuoni wameisema isnadi yake, lakini maana yake yathibitishwa na mengine yaliyo sahihi: mtu aliyeambiwa atafute mahari walau pete ya chuma, na walima wa Bibi Safiyya njiani kutoka Khaibar, uliokuwa tende na jibini na samli juu ya ngozi iliyotandikwa, hapana mkate wala nyama.

Ama hoja ya wageni, ami atazame kisa cha Abdurrahman bin Auf. Mtume (S.A.W.) alimuona ana athari ya zafarani, akamuuliza ana nini, naye akajibu kwamba ameoa. Fikirini, ndugu zangu: Madina ulikuwa mji mdogo, na hapana mgeni aliye mtukufu kuliko Mtume, na sahaba huyu alioa bila ya kumuarifu. Je, Mtume alikasirika? Alisema amedharauliwa? Alimuombea baraka, akamuamrisha afanye walima walau kwa kondoo mmoja. Leo shangazi asipopata kadi hanuniwi mtu mmoja, hununiwa ukoo mzima.

Kisha tuangalie ni mgeni gani asiyeweza kuja Jumanne. Ni mwenye mshahara. Lakini mvuvi wa Homa Bay hana Jumamosi. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukipevuka taa haivuti samaki, nao wavuvi hupumzika. Basi usiku wa kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano wa mwezi wetu wa Kiislamu ndiyo mapumziko yao, iwe imeangukia Jumatatu au Alkhamisi. Mwendesha bodaboda naye Jumamosi ndiyo siku yake ya kuchuma, na mama mwenye kuanika omena hupumzika siku jua lisipotoka. Tumeweka karamu zetu katika siku ya wenye afisi, kisha twashangaa mafukara hawaonekani. Na Abu Huraira (R.A.) ametueleza kuwa chakula kibaya kabisa ni cha walima wanaoitiwa matajiri na kuachwa masikini. Mwenye kufunga nikahi katika wiki ya mwezi mpevu huenda akakosa maafisa watatu akapata wavuvi thelathini.

Walimu na wanafunzi wana udhuru wa kweli, nao hauna uzito mkubwa: likizo za shule za Aprili, Agosti na Disemba zina Jumanne nyingi. Na tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nikahi zetu nazo yapasa ziandikishwe, na afisi za serikali hazifunguliwi Jumamosi.

Juu ya deni sitarefusha. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile. Ami anayemhimiza kijana akope ili watu wa mtaani wale biriani, akumbuke hayo. Na akumbuke kuwa mtoto wa ndugu yake aliyewekwa mwaka mzima akingoja hema, na mchumba wake anayengoja naye, ni watu wenye damu. Wakiteleza, sehemu ya dhambi itakuwa ya nani?

Ikabaki hofu ya tatu, ya kusemwa kuwa pana siri. Hii dawa yake ni nyepesi, nayo imo katika dini: nikahi itangazwe. Imamu wa msikiti wa Migori asimame Ijumaa baada ya sala, awataje maarusi na walii wao na siku yao mbele ya jamaa wote, na Jumanne dufu lipigwe hata jirani asiyealikwa asikie. Mahari nayo yatolewe hadharani, akabidhiwe bibi harusi mwenyewe mkononi mwake, wala yasipitie kwa ami.