Asiyekuwepo na Lake Halipo?

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii twaitumia mno: sinia likimalizwa kabla ya mwenzetu kurudi, au shauri likikatwa naye yuko safarini. Kwa jambo la sinia haina ubaya. Lakini ikitoka jikoni ikaingia katika ardhi, methali hugeuka hukumu, nayo hukumu yataka kupimwa. Je, kutoonekana mahali ni sawa na kutokuwa na haki napo?

Tuitazame Laikipia, uwanda wa juu ulio kaskazini-magharibi ya Mlima Kenya, unaopitiwa na ikweta. Mvua nyingi huishia milimani; uwandani hufika haba, tena haina miadi. Mto Ewaso Nyiro hupita hapo, wala haufiki baharini: hupotelea katika kinamasi cha Lorian. Katika nchi kama hii majani hayastahamili kuliwa mwaka mzima. Mfugaji hulisha, akahama, malisho yakapumzika, akarudi. Mpita njia ajaye wakati wa mapumziko huona nyika tupu, asijue kwamba utupu ule ni sehemu ya ufugaji wenyewe.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Wamasai, na ndui pamoja na njaa vikawaua watu. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ikipita katika nchi iliyokuwa bado na kilio. Wageni waliona malisho yasiyo na mifugo, wakasema: hayana mwenyewe. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, baadhi yao wakapelekwa Laikipia, wakaahidiwa kukaa huko maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo haikutimiza miaka kumi. Mkataba wa 1911 uliwatoa Laikipia kuwapeleka kusini, na walowezi wakaichukua nchi.

Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani. Kesi ikasikizwa Mombasa, na mwaka 1913 ikatupwa: mikataba ile, walisema mahakimu, ni ya dola na dola, haiamuliwi na mahakama. Ajabu ilioje! Watu walioonekana hawapo ilipotakiwa ardhi yao, walipodai haki waligeuzwa dola ya kigeni.

Atazuka wa kusema kwamba Laikipia yenyewe yachukua jina la Wailaikipiak, ambao Wamasai wenzao waliwashinda vitani katika miaka ya 1870. Basi mnyang'anyi kanyang'anywa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini yathibitisha tu kwamba dhuluma ni kongwe, na ukongwe hauigeuzi kuwa haki. Tena yule ajaye na mkuki angalau amekiri kuwa yupo mwenye mali, kwani hakuna apiganaye na utupu. Aitaye nchi tupu hukufuta kwanza katika hesabu, ndipo akuondoe katika ardhi. Hasemi, "Nimekunyang'anya." Husema, "Hukuwepo."

Sisi wa pwani tusidhani haya ni ya bara peke yake. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilifanya ardhi ya pwani ya Kenya isiyodaiwa kwa utaratibu wake kuwa mali ya Taji la Uingereza. Aliyejua mpaka wake kwa mnazi na kaburi la babu, asijue karatasi, alihesabiwa hayupo. Na bahari je? Kwa atazamaye kutoka barazani ni maji matupu; mvuvi aijua miamba yake kwa majina, na aiachapo kwa ajili ya kusi huwa hajaisusa.

Mwaka 2004, miaka mia baada ya mkataba wa kwanza, Wamasai walijitokeza tena Laikipia kudai malisho, wakatawanywa na polisi. Waliomo sasa nao wana hati, vibarua, na wanyama wa porini wanaowatunza. Haki ya mmoja haiondoi tabu ya kumtendea haki mwingine. Hayo yataka mashauriano marefu. Lakini hakuna shauri la haki liwezalo kuanza kwa kumkana mtu uwepo wake. Kabla ya kusema asiyekuwepo na lake halipo, yatupasa kuuliza: amekwenda wapi, kwa nini, na nani aliyemwondoa?