Gofu na Hame

Ukitoka Missouri City, Texas, kwa barabara ya 90A kuelekea magharibi, ukiandamana na reli, unapita Stafford na kuingia Sugar Land, na hapo linakutokea jengo la matofali mekundu la ghorofa nane. Wenyeji huliita Char House. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1920 na Kampuni ya Imperial Sugar ili sukari ichujwe humo kwa mkaa wa mifupa ya wanyama hadi iwe nyeupe. Kiwanda kilifungwa mwaka 2003. Jengo limebaki wazi na kimya, na jioni jua linapolipiga ubavuni matofali yake hugeuka rangi ya ukoko wa mkate. Mtu mwenye kamera hawezi kulipita bila kusimama. Mimi nilisimama, tena si mara moja.

Nilikuwa nimepewa likizo ya utafiti na chuo ninakofundisha, nami nikakaa miezi kadhaa kwa dada yangu, ambaye ameishi Missouri City miaka mingi. Mchana niliandika, jioni nilitoka na kamera. Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, aliyezaliwa kule na ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama yake, alinibebea mkoba. Jioni moja nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera picha niliyoipenda kuliko zote: ukuta mwekundu, wingu moja, hakuna gari wala nguzo ya umeme. Akaitazama kwa makini, kisha akauliza, "Mjomba, watu wa hapa walihamia wapi?"

Nilikuwa na jibu la haraka: kiwanda kilifungwa, wafanyakazi wakatafuta kazi kwingine. Lakini kitenzi alichokichagua kilinisumbua njia nzima ya kurudi nyumbani. Lugha yetu ina maneno mawili kwa kile ambacho wapiga picha wa siku hizi hukiita kwa jina moja. Gofu ni jengo lililochakaa, kuta zilizobaki baada ya paa kwenda. Ndiyo maana hata mtu aliyekondeshwa na maradhi huitwa gofu la mtu. Neno hilo linatazama umbo. Hame ni kitu kingine. Hame ni mahali palipohamwa, na jina lake limetokana na watu walioondoka, si na mawe waliyoyaacha. Hame linaweza kuwa halina hata ukuta mmoja. Siku hizi magazeti huandika "majengo yaliyotelekezwa", na hilo nalo si neno baridi, kwa kuwa anayetelekezwa kwa desturi ni mke na watoto, na aliyetelekeza ana jina na anuani. Kamera yangu ilikuwa imenasa gofu. Mtoto aliniuliza habari za hame.

Hame la Sugar Land ni kubwa kuliko Char House, na ni la zamani zaidi. Marekebisho ya 13 ya katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1865, yalifuta utumwa isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani. Kipengele hicho kifupi kilifungua mlango mpana. Mwaka 1878 wenye mashamba wawili, Edward Cunningham na Littleberry Ellis, ambao wote walikuwa wamepigana upande wa majimbo ya kusini, walikodi wafungwa wote wa jimbo la Texas na kuwagawa mashambani, baadhi yao katika miwa ya bonde la mto Brazos. Wengi wa waliopelekwa kwenye miwa walikuwa Weusi, na makosa ya wengi yalikuwa madogo. Mtumwa alikuwa mali iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, mwenyewe hakutaka ife. Mfungwa wa kukodi akifa aliletwa mwingine. Mfumo huo ulikomeshwa rasmi Texas mnamo 1912, ingawa serikali yenyewe iliendelea na mashamba ya magereza papo hapo kwa miongo mingi. Lazima niseme wazi kwamba Char House ilijengwa baada ya ukodishaji kwisha. Nisingependa msomaji adhani wafungwa wale waliyapanga matofali yale. Lakini miwa iliyoufanya mji huu uitwe nchi ya sukari wao ndio walioikata.

Mtu mmoja alilisema hilo kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Reginald Moore aliwahi kuwa askari jela katika eneo hilo, na baadaye akajitwika kazi ya kutunza makaburi ya zamani ya gereza na kutafuta nyaraka zake. Aliwaonya viongozi wa mji na wa wilaya ya elimu kwamba chini ya viwanja vilivyokuwa vikipimwa kwa ujenzi kulikuwa na watu. Februari 2018, shule ya ufundi ilipokuwa ikijengwa, fundi mmoja aliona mfupa. Waakiolojia wakafukua miili 95. Kwa uchunguzi wao, 94 ilikuwa ya wanaume na mmoja wa mwanamke. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikadiriwa kuwa na miaka 14, mkubwa miaka 70, na mifupa ilikuwa na alama za kazi nzito kuliko kiasi cha mwili. Kulikuwa na mabishano marefu ya kisheria kuhusu mahali pa kuwazika. Novemba 2019 walizikwa tena palepale, kando ya shule. Moore alifariki mwaka uliofuata.

Nilikwenda kuuona uwanja ule. Kwa mpiga picha hapana kitu. Ni nyasi, uzio, na shule mpya yenye vioo. Nilizunguka nikitafuta pembe, nikaona aibu kwa kule kutafuta pembe, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kosa lililokuwamo katika picha yangu nzuri.

Kosa hilo si la uzuri. Wako wanaosema kwamba kupendezwa na magofu ni dhambi kwa yenyewe. Mwaka 2010 Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, walitoa kitabu cha picha za magofu ya Detroit, na wakosoaji wakaulinganisha mtindo wa aina hiyo na picha za uchi: mtazamaji hustarehe, anayetazamwa hana la kusema. Malalamiko yao yana haki, kwa kuwa mwaka huohuo Detroit ilikuwa na wakazi zaidi ya laki saba, na mtu aliyefungua kurasa za aina hiyo angeweza kudhani wote wamekufa. Hata hivyo siwezi kuukubali ukosoaji huo mpaka mwisho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja ilipoporomoka na kuua, sote tulizitafuta picha za zamani, zikiwemo za watalii waliopita tu na hawakujua walichokipiga. Picha ya starehe inaweza kugeuka ushahidi. Uzuri ndio humfanya mtu asimame, na asiyesimama haulizi.

Kosa ninalolisema ni la hesabu. Gofu halibaki kwa bahati. Hubaki kilichojengwa kwa matofali na mawe, na aliyejenga kwa matofali na mawe ni yule aliyekuwa nacho. Kambi za mbao walimolala wakata miwa zilioza. Basi anayezunguka na kamera akitafuta magofu tayari amechaguliwa cha kuona, na aliyemchagulia ni mwenye shamba. Anadhani anawalilia waliosahauliwa kumbe anawapiga picha waliokumbukwa.

Hata sisi watu wa pwani hatujasalimika. Tukienda Gede tunaonyeshwa kasri, msikiti na nyumba za mawe, na watu wengi zaidi wa mji ule, walioishi katika nyumba za udongo na makuti, hawana ukuta hata mmoja wa kuwashuhudia. Kilwa Kisiwani ni hivyo hivyo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, utenzi mkuu kuliko yote tuliyo nayo juu ya magofu, huuonya moyo kwa kuuonyesha majumba ya Pate yaliyobaki matupu. Mimi huufundisha kila mwaka na kila mwaka hunitikisa. Lakini nyumba zinazoliliwa mle ni za wakuu. Somo la kwamba dunia hupita ni somo la mtu aliyekuwa na dunia. Aliyekuwa hana, kwake kubomoka kwa kasri kunaweza kuwa habari nyingine kabisa.

Nayasema haya nikiwa na sababu ya nyumbani. Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga kutoka Njombe kufanya kazi katika shamba la mkonge. Alikuwa manamba, neno ambalo wenzetu wa bara wanalijua vizuri kuliko wanavyolipenda: mtu wa mkataba, aliyeandikwa kwa namba. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia 1964 Tanganyika ilivuna tani zaidi ya laki mbili kwa mwaka. Kisha bei ikaanguka, nyuzi za plastiki zikaingia, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na miongo mitatu baadaye mavuno yalikuwa kama sehemu moja ya kumi ya yale ya zamani. Magofu yake yapo hadi leo, nayo ni mazuri: nyumba za mameneja zenye baraza pana, viwanda vya kukamulia mkonge vilivyoota mizizi ukutani. Nimeyaona katika kitabu cha picha kilichochapishwa Ulaya, kwenye maktaba ya chuo nilikosomea udaktari. Nilifungua kurasa nikitafuta kambi ya babu na sikuipata. Sikumlaumu mpiga picha, maana kambi ile haipo. Baba alipata kunipeleka. Alitembea katika majani yaliyotufika kiunoni mpaka kwenye mwembe mmoja mkubwa, akaugonga kwa kiganja, akasema, "Hapa."

Hivyo ndivyo hame linavyotambulikana kwetu, kwa miti. Hata mahali ambapo fito na udongo vimekwisha kurudi ardhini, ukikuta miembe au minazi imesimama bila nyumba unajua palikuwa na watu, na mwenye macho atakwambia hata ua ulipita wapi. Nilishangaa kuikuta elimu hiyohiyo Missouri City. Katika bustani ndogo, katikati ya mitaa ya nyumba mpya zinazofanana, upo mwaloni mkongwe unaoitwa Mti wa Uhuru. Ardhi ile ilikuwa shamba la Palmer. Inasimuliwa kwamba chini ya mti huo, Juni 1865, watumwa wa shamba walikusanywa wakaambiwa kwamba wako huru, miaka miwili na nusu baada ya tangazo la Rais Lincoln, na siku chache baada ya Jenerali Gordon Granger kulisoma agizo lake kule Galveston tarehe 19. Jumba la bwana silioni pale. Mti upo, matawi yake yameinama hadi karibu na ardhi, na watoto huyapanda.

Nilikwenda pia kwenye sherehe ya Juneteenth, siku ambayo tangu 2021 ni sikukuu ya taifa zima. Kulikuwa na moshi wa nyama, muziki, bibi walioketi kwenye viti vya kukunja chini ya miavuli. Niliinua kamera kumwelekea mmoja wao aliyevaa kofia ya njano. Akainua kiganja. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na picha inakwenda wapi. Nikamjibu, tukazungumza hadi mwanga ukaharibika, na picha niliyoipiga baadaye haikuwa nzuri hata kidogo. Nimefikiri sana juu ya kile kiganja. Char House haikuniuliza swali hata moja. Ndiyo maana picha yake ilitoka safi. Nadhani wengi wetu tunayapenda magofu kwa sababu hiyo ambayo hatuisemi, kwamba yametuondolea watu wa kutuuliza.

Je, niache kuyapiga? Nimejaribu kusema ndiyo, nikashindwa kuitetea ndiyo hiyo. Ninachojitaka ni kigumu zaidi: nikipiga gofu niende pia kulitafuta hame lake, hata kama ni uwanja usio na kitu, na nisiitoe picha ya kwanza bila ya pili. Hilo lina gharama. Picha ya nyasi haiuziki, wala haishindi tuzo. Maelezo yake ni marefu kuliko yenyewe, na waliofundishwa sanaa ya picha huambiwa kwamba picha inayohitaji maelezo imeshindwa. Sikubaliani nao tena. Wale 95 walizikwa bila mtu kuandika nani yuko wapi, na wataalamu wamekuwa wakilinganisha vinasaba vyao na vya watu walio hai ili kupata jamaa zao. Mbele ya kazi kama hiyo, sentensi tatu chini ya picha si mzigo.

Kabla sijaondoka nilirudi uwanjani na mpwa wangu. Nilimwambia waliko watu aliowauliza, baadhi yao. Aliuliza kama yule wa miaka 14 alikuwa darasa la ngapi. Nikampa kamera apige yeye, akapiga nyasi, kivuli chake mwenyewe, na ukingo wa uzio. Dada yangu, kwa upendo, ameitundika sebuleni ile ya Char House kwa sababu ndiyo nzuri, na hiyo ya mtoto imebandikwa kwenye friji kwa sumaku. Nasikia kwamba wageni wakiisifu ya sebuleni, kijana huwaita jikoni.